void *: sanduku linalopokea kila kitu

Test zimeisha, vimbwete vimepata nafasi ya kupumua, kwa hiyo leo tupige historia kidogo. Sio ya Majimaji, ni ya C, lugha inayotutoa jasho maabara.

Kabla ya C kulikuwa na B, kazi ya Ken Thompson pale Bell Labs, Marekani. B haikuwa na aina za data kabisa. Namba na anwani vyote vilikuwa kitu kimoja. Dennis Ritchie akaiendeleza, na kufikia 1972 ikawa C, yenye aina. Hapo kompaila ikapata macho.

Sasa kasheshe: ukitaka orodha moja ibebe chochote, unafanyaje? Watu walijitahidi na char *, mpaka standard ya ANSI ya 1989 ilipoleta void *, ile tunayoiona kwenye qsort. Raha yake inapokea kila kitu bila kuuliza. Ubaya wake ni huohuo! Umeingiza wanafunzi, umetoa ukidhani ni akaunti za benki, kompaila kimya. Programu ikizimika una bahati. Isipozimika inakupa majibu ya uongo.

Linux ilipita njia nyingine. Kiungo cha orodha kinakaa ndani ya kitu chenyewe, halafu makro inapiga hesabu kurudi mwanzo wa kitu hicho. Aina inajulikana, safi. Ila kuna shimo: loop ikiisha bila kupata unachotafuta, pointa inabaki imehesabiwa kutoka kwenye kichwa cha orodha, ambacho sio kitu halisi. Ni kama kugawa wali kwenye foleni ya kantini, ukafika mwisho, ukalipakulia na bango la menyu.

Mwaka 2022 mjadala wa hatari hiyo ukapamba moto. Linus Torvalds akaona dawa ni pointa iishi ndani ya loop tu, isionekane nje. Lakini C ya 1989 hairuhusu kutangaza variable ndani ya for! Ndio maana Linux 5.18, ya Mei 2022, ikahamia C11. Shimo dogo la orodha likahamisha mradi mzima.

Funzo kwetu: void * ukiitumia, ifiche nyuma ya fanksheni ndogo zinazotaja aina, ili kompaila ikukemee mapema. Kukemewa na kompaila ni nafuu kuliko kukemewa na mteja.

Haya, maoni ruksa. Tuonane maabara!