Uwanja kati ya jiko na kitanda

Kwetu Namawala, bondeni Kilombero, ukisema ghorofa watu watakuonyesha dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya mpunga ili mlinzi awinge ndege na kufukuza nguruwe. Lakini kuhusu moto, kijiji kina somo lake. Kwenye nyumba nyingi za zamani jiko la kuni hujengwa peke yake, hatua kadhaa kutoka nyumba ya kulala. Utaambiwa ni kwa sababu ya moshi. Kweli, ila paa la nyasi nalo halina mzaha. Jiko likiwaka, liwake lenyewe. Ule uwanja mtupu katikati ni kinga: hautaki umeme, hautaki king'ora, wala haumsubiri mtu aje.

Mimi naisoma historia ya maghorofa kama safari ya kuutafuta uwanja ule mahali ambapo ardhi haitoshi.

London ilijifunza kwa machungu. Moto wa 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa mbao, na sheria ya 1667 ikaagiza nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa na kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ingawa dari zilibebwa na boriti. Ukuta ukashika nafasi ya uwanja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 yakaja maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Sasa jirani yuko juu ya kichwa chako, na jiko lake liko ndani. Katika majengo ya namna hii kila nyumba inapaswa kuwa kama sanduku linaloufungia moto: sakafu na kuta za zege, mlango mgumu unaojifunga wenyewe, ngazi zilizozungushiwa ukuta, na matundu ya mabomba na nyaya yaliyozibwa. Hata nondo hufunikwa na zege kwa sababu hiyo, maana chuma kikifika kama nyuzi 550 za Selsiasi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake.

Zege tunaliamini, na tuna haki. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Bidhaa ziliteketea, nguzo zikabaki, soko likakarabatiwa.

Lakini jengo kubaki limesimama ni jambo moja, watu kutoka salama ni jingine. Grenfell Tower ya London, ghorofa 24, nayo ni zege la miaka ya 1970. Mwezi Juni 2017 moto ulianzia kwenye jokofu, jikoni, ghorofa ya 4. Ukatokea dirishani, ukakuta nje jengo limevalishwa vifuniko vinavyowaka, ukapanda hadi juu. Ndani, baadhi ya milango haikujifunga, moshi ukajaa kwenye ngazi. Wakazi walikuwa wameelekezwa kwamba moto ukiwa kwa jirani, wabaki kwao. Ushauri huo una maana pale tu ukuta na mlango vinapofanya kazi. Jengo lilibaki limesimama. Watu 72 walikufa.

Vijana wa bondeni wanaokuja Dar es Salaam kutafuta maisha hupanga ghorofani, nami nikiwatembelea hutazama ngazi kwanza. Mara nyingine nakuta zimegeuzwa stoo ya maboksi, geti la chuma limefungwa kwa kufuli, na mlinzi mwenye ufunguo kaenda kunywa chai. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo tangu 2007, na ukaguzi ni kazi ya jeshi hilo. Lakini mkaguzi hayupo kila usiku. Mpangaji yupo.

Basi kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, muulize mwenye nyumba: mlango wa ngazi unajifunga? Matundu ya nyaya yamezibwa? Geti la chini linafunguka kwa ndani bila ufunguo? Akikuonyesha mtungi wa kuzimia moto ukutani, mshukuru, halafu rudia maswali yako.