Wimbo Mmoja, Soweto Mbili



Tarehe 21 Januari 2024, katika mji wa San-Pédro nchini Côte d'Ivoire, Taifa Stars ilikutana na Zambia katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Waliokuwa mbele ya televisheni hapa Soweto wanalikumbuka bao la Simon Msuva la dakika ya 11, na wanalikumbuka kwa uchungu zaidi lile la Patson Daka la dakika ya 88, lililotulazimisha kugawana pointi na timu iliyobakiwa na wachezaji kumi. Lakini kabla ya mpira kuanza kulitokea jambo ambalo vijana wa kwaya wamekuwa wakiniuliza tangu siku ile. Tuni moja ilipigwa mara mbili. Walisimama Watanzania wakaimba. Walisimama Wazambia wakaimba maneno yao wenyewe, na tuni ikawa ni ileile. Je, nani alimwibia mwenzake?

Hakuna aliyeiba. Sisi tuliazima, nao wakaazima, na mahali tulipoazima panaitwa Soweto. Sisemi Soweto hii yetu ya Moshi, bali ile ambayo jina lake limetufikia na kukaa katika mitaa ya miji mingi, hapa kwetu, Arusha, Mbeya na hata Nairobi. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, na Wazungu wa Johannesburg walilipitisha mwaka 1963. Kwa hiyo wimbo ulilitangulia jina hilo kufika nchini mwetu.

Mtunzi wake ni Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa aliyezaliwa Uitenhage katika Rasi ya Mashariki karibu na mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misioni ya Wamethodisti huko Nancefield, eneo ambalo baadaye likaja kuwa sehemu ya Soweto. Alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya, kama walivyo walimu wengi tunaowafahamu huku mlimani: mchana ubao na chaki, jioni mazoezi ya sauti nne. Mwaka 1897 alitunga ubeti na kiitikio kwa ajili ya wanafunzi wake, na mwaka 1899 wimbo ukaimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja wa Kimethodisti. Wapo wataalamu wa muziki wanaosikia ndani yake mwangwi wa tenzi ya Kiwelisi ya Joseph Parry. Sitashangaa wakiwa na haki, kwani wimbo wa kanisani huwa na wazazi wengi.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Husimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo kwa peni sita. Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi, maana watafiti walilitafuta kwa jina la Sontonga, ilhali kitabu cha makaburi ya Braamfontein kilimwandika kwa jina la Enoch tu. Lilipopatikana, Rais Nelson Mandela alizindua mnara hapo tarehe 24 Septemba 1996.

Mtunzi alikufa, wimbo ukasafiri. Tarehe 8 Januari 1912, huko Bloemfontein, uliimbwa katika mkutano uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Solomon Plaatje aliurekodi katika sahani ya santuri jijini London. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wa kufungia mikutano yake, na mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti nyingine saba, zilizochapishwa mwaka 1927. Hivyo sala ya watoto wa shule ikawa wimbo wa watu wasio na haki katika nchi yao.

Nasema sala, na neno hilo nalitumia kwa uzito wake. Nyimbo nyingi za mataifa husifu: husifu bendera, mfalme, milima, damu iliyomwagika, ushindi. Huu unaomba. Katika Kixhosa, Sontonga anamwomba Bwana aibariki Afrika na kuinua pembe yake. Na pembe hiyo kila aliyesoma Maandiko anaijua, kwa kuwa ndiyo pembe ya sala ya Ana mama yake Samweli, na ndiyo pembe ya wokovu aliyoitaja Zakaria katika sura ya kwanza ya Luka. Kiswahili chetu kiliiacha taswira hiyo, kwa kuwa maneno yetu hayakuwa tafsiri ya neno kwa neno. Nakiri kwamba naisikitikia ile pembe. Hata hivyo sala ilibaki kuwa sala.

Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961. Usiku ule, katika Uwanja wa Taifa Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa mbele ya Mwanamfalme Philip, na ya kwetu ikapandishwa. Usiku uleule, juu yetu hapa, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge katika kilele cha Kibo, kile ambacho Wajerumani walikuwa wamekiita Kaiser Wilhelm Spitze na ambacho tangu hapo ni Uhuru. Nchi mpya ilihitaji wimbo, nayo ikachagua tuni ya watu waliokuwa bado gizani.

Jambo hilo lafaa tulitazame kutoka huku mlimani, maana mwaka 1961 Mchagga hakuwa na uhaba wa mambo ya kujivunia. Alikuwa na kahawa yake na chama chake cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933. Alikuwa na shule za misioni, za Kikatoliki na za Kilutheri. Tangu mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa na Mangi Mkuu, Thomas Marealle, na siku maalumu ya kusherehekea Uchagga wake. Mtu wa Kilema, Machame au Marangu aliweza kuupenda mlima huu kwa moyo wote bila kuwaza kamwe juu ya mtu wa Lindi. Kumfanya mtu huyo asikie kwamba Lindi ni kwao kulihitaji zaidi ya sheria. Naamini kulihitaji wimbo, uliofundishwa mapema, kabla mtoto hajajifunza kubagua.

Hesabu ni nyepesi. Mtoto aliyesimama paredi karibu kila asubuhi kwa miaka saba ya shule ya msingi aliuimba wimbo huu zaidi ya mara elfu moja kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano. Hakuelewa maneno yote. Alielewa umande katika miguu, vumbi la uwanja, kiranja aliyeanzisha kwa sauti ya juu kupita kiasi, na mlima uliojitokeza kwa muda mfupi kabla mawingu hayajaufunika. Vitu hivyo vikashikamana na tuni wala havitengani tena. Nimewaona wazee wenye miaka themanini na zaidi, waliosahau majina ya wajukuu wao, wakijaribu kunyanyuka kitini redio inapoupiga. Wapo watakaoniambia kwamba ule wimbo mwingine wa kuipenda Tanzania, usio wa taifa, ndio unaowatoa machozi. Sibishani nao, huo ni wa mapenzi, huu ni wa adabu, na mtu anahitaji vyote viwili.

Lakini tutazame wimbo unavyopangwa. Una beti mbili. Ubeti wa kwanza wote ni wa Afrika: inayobarikiwa ni Afrika, viongozi wanaoombewa ni wa Afrika, na watoto wanaotajwa ni wake. Nchi yetu inangoja ubeti wa pili. (Mwaka 1964, Muungano ulipozaa jina jipya, Tanganyika iliondoka katika ubeti huo na Tanzania ikaingia bila kuharibu tuni, kwa kuwa majina yote mawili yana silabi nne. Walimu wa kwaya hawakupata taabu.) Kila asubuhi, basi, mtoto wa Kitanzania alifundishwa kumwombea jirani kabla ya kujiombea mwenyewe. Sijui nchi nyingi zinazowafundisha watoto wao utaratibu huo.

Na mafundisho hayo yalizaa matendo. Januari 1962, Tanganyika ikiwa na mwezi mmoja tu wa uhuru, mkazi mmoja wa Orlando, katika eneo ambalo mwaka uliofuata liliitwa Soweto, alivuka mipaka kwa siri na kutua Mbeya. Ndiye Mandela. Baadaye aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alipojikuta katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, alijisikia mtu huru kwa mara ya kwanza maishani. Wimbo wa chama chake ulikuwa wimbo wa serikali iliyompokea. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam, nayo ikafanya kazi huko hadi mwaka 1994.

Kisha ikaja tarehe 16 Juni 1976. Wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Sam Nzima, mpiga picha aliyeionyesha dunia mwili wa Hector Pieterson ukibebwa mikononi, alisimulia kwamba watoto walikuwa wakiimba wimbo wa Sontonga polisi walipoanza kufyatua risasi. Wengi walikimbia nchi. Tanzania ikatoa ardhi Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, shamba la zamani la mkonge, na ANC ikaanza kujenga shule hapo mwaka 1978. Baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Hebu fikirini, wapendwa, kijana aliyefyatuliwa risasi kwa sababu ya wimbo, akiamka asubuhi Morogoro na kuusikia ukiimbwa na watoto wa shule ya jirani, waliovaa sare, mbele ya mwalimu, kwa amri ya serikali. Wengine hawakurudi kwao kamwe. Makaburi yao yako Mazimbu, katika eneo ambalo tangu mwaka 1992 liko mikononi mwa Serikali yetu na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Afrika Kusini ilipata uhuru wake mwaka 1994, na tangu mwaka 1997 wimbo wake wa taifa unaanza na sala ya Sontonga, kisha unaunganishwa na wimbo wa zamani wa Makaburu, kwa lugha tano. Tungependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo.

Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa nchini humo katika mashambulizi dhidi ya wageni, na yalianzia Alexandra, jijini Johannesburg. Januari 2015 maduka ya wageni yaliporwa Soweto yenyewe. Mwaka 2021, katika Soweto hiyohiyo, kilianzishwa kikundi cha Operation Dudula, ambacho jina lake kwa Kizulu lina maana ya kusukuma nje; na wanaosukumwa ni Waafrika. Kwa hiyo mtu aweza kuimba ubeti wa kwanza maisha yake yote, akalia kweli anapouimba, na kesho yake akavunja duka la Msomali. Wanaodhani kwamba wimbo mzuri hufanya watu wawe wema watafakari hilo.

Wala tusiinyoshee kidole Johannesburg peke yake. Mwaka 2013, katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, maelfu ya watu waliamriwa kuondoka nchini kwa kuwa hawakuwa na karatasi za uhamiaji, na Operesheni Kimbunga ikawafuata waliobaki. Wapo waliokuwa wameishi hapa kwa miongo kadhaa, wakaoa na kuolewa hapa. Watoto wao walikuwa wamesimama paredi na kuimba beti zote mbili. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, na silaha haramu na ujambazi vilikuwepo kweli katika mikoa ile. Lakini mtoto aliyezaliwa Karagwe akaambiwa avuke mpaka kwenda kwa watu asiowajua, huyo aliubeba wimbo gani kichwani? Tuni hainyang'anywi mpakani. Aliondoka nayo, pamoja na hisia zote zilizoshikamana nayo juu ya nchi iliyomtoa.

Mwaka 2014, tukubali pia, nchi hiihii iliwatangazia uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia kwetu tangu mwaka 1972 na uzao wao. Kwa hiyo nchi ni moja, wimbo ni mmoja, na mkono unaofungua mlango ndio huohuo unaoufunga.

Vijana wa Soweto hii wanaendelea kwenda Soweto ile. Wanapita Tunduma, wanavuka Zambia kwa basi, wanatafuta kazi ya saluni, ya ujenzi, ya kuuza vitu barabarani. Katika nia za misa zinazoletwa ofisini kwetu, Johannesburg hutajwa mara kwa mara, nami huzisoma kabla ya misa ya kwanza. Nyingi zimeandikwa kwa mkono na akina mama. Hawaombi mtoto apate mali. Wanaandika kwamba yuko kwa watu, na kwamba watu hao wamtunze.