Pampu ya Mafuta katika Mji wa Punda

Kwa miaka mingi Amu, yaani Lamu, ilijulikana kwa kuwa na gari moja tu, la Mkuu wa Wilaya. Barabara ya kutoka Mombasa hukomea Mokowe, upande wa bara. Kuanzia hapo abiria, saruji, magodoro na vipuri vyote hupanda boti. Vichochoro vya mji wa kale, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Injini ilibadilisha maisha ya Amu, lakini ilifanya kazi hiyo majini.

Mashine ndogo za Uingereza za British Seagull hazikuhitaji pampu ya mafuta. Tangi lilikaa juu ya mashine na petroli ikateremka yenyewe. Yamaha, walioanza kutengeneza mashine za boti mwaka 1960, ndio walioenea zaidi pwani. Mashine zilipokua, tangi likahamia chini, sakafuni mwa boti, na mafuta yakalazimika kuvutwa kupanda. Hapo ndipo maisha ya watu baharini yalipoanza kutegemea kiwambo chembamba cha pampu ya mafuta, kinachoenea kiganjani.

Kiwambo hicho kina ndugu yake katika magari ya michezo ya Kiingereza. MGB, iliyotengenezwa kati ya 1962 na 1980, ilifungwa pampu ya umeme ya SU huko nyuma, karibu na gurudumu. Swichi ikiwashwa, sumaku huvuta kiwambo, platini zinazopitisha umeme huachana, kisha springi hukirudisha na kusukuma petroli. Dereva husikia tik-tik-tik, halafu kimya: kabureta zimejaa. Platini zikiungua, gari huzima. Wanaoyajua magari haya hushuka, wakaigonga pampu kwa mpini wa spana, na mara nyingi safari huendelea hadi gereji, ambako hufungwa mpya.

Pampu ya boti haina platini wala waya. Kila pistoni inapopanda na kushuka, mgandamizo ndani ya mashine hukichezesha kiwambo, na vali mbili ndogo huyaruhusu mafuta kupita upande mmoja tu. Kikichanika au kukakamaa, mashine huwaka vizuri pale gatini, kisha hufa nahodha anapoongeza mwendo. Likitokea hilo njiani kwenda Faza, kwenye kisiwa kingine, kuna dawa moja: mtu mmoja hukaa kando ya tangi akikamua kwa mkono ule mpira ulio kwenye paipu ya petroli, bila kupumzika, mpaka nchi kavu. Ukarabati wenyewe ni mfupi: skrubu chache, gasketi, kiwambo kipya, kila tabaka likirudi vilevile lilivyotoka. Kigumu ni kukipata hicho kiwambo, maana kisipokuwapo dukani huagizwa Mombasa, kikaja kwa basi hadi Mokowe.

Vitabu kuhusu Amu vimejaa milango ya nakshi na majahazi ya Matondoni, na ni haki yake. Lakini fundi mashine hana hata ukurasa, ingawa ndiye aliyewezesha mgonjwa wa Kizingitini afikishwe hospitali bila kungojea upepo. Matanga yangalipo, na mashindano ya majahazi hujaza watu ufukweni. Ila mizigo na abiria wa kila siku hubebwa na mashine.

Sasa zimeingia mashine mpya zinazopuliza petroli kwa shinikizo kubwa, na pampu yao ni ya umeme, kama ile ya MGB. Pampu hiyo ikifa, kukamua mpira hakusaidii kitu. Fundi aliyezoea kutambua tatizo kwa sikio na vidole huhitaji sasa geji ya kupima shinikizo na mita ya umeme, na pampu nzima huagizwa, kwa bei inayozidi mno ile ya kiwambo.