Walipata Uhuru, Wakakosa Kwao

Meli ya kivita ya Kiingereza ilipolikamata jahazi la watumwa katika bahari ya Zanzibar, mayowe ya kwanza kutoka ngamani mara nyingi hayakuwa ya furaha. Wafanyabiashara walikuwa wamewaaminisha mateka kwamba Wazungu hula watu. Kwa hiyo mashua ya mabaharia ilipokaribia, watoto waliobanana gizani walilia wakidhani mwisho wao umefika, kumbe ndiyo saa ya kufunguliwa.

Hivyo ndivyo uhuru ulivyowafikia Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo waliotekwa pande za Ziwa Nyasa. Mtu alitolewa utumwani, na papo hapo akatambua kwamba pengine hatamwona tena mama yake. Ndiyo maana historia ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa kwa ajili yao upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, haisimuliki kwa shangwe tupu wala kwa simanzi tupu. Walioishi pale walibeba vyote viwili, na kuwaondolea kimoja ni kuwadhulumu.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Mkunazini, Unguja, likafungwa. Mwaka uliofuata meli ya HMS London ikatia nanga Unguja kuwa kituo cha doria. Likabaki swali moja gumu: wanaookolewa wapelekwe wapi?

Kwao hakukufikika. Njia ya kurudi ilikuwa ileile waliyoshushwa nayo na misafara, na aliyethubutu kuipita peke yake angekamatwa na kuuzwa upya. Wengine walitekwa wadogo mno, hata jina la kijiji chao hawakulijua. Kwa miaka mingi walioachwa huru walikuwa wakipelekwa Aden, Bombay, Shelisheli na Morisi. Karibu na Nasik, nchini India, chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kilikuwa na makao ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa kusoma, useremala na uhunzi.

Mmoja wao alikuwa Chengwimbe, Myao aliyetekwa, akaokolewa baharini na kulelewa Nasik. Alirudi Afrika akiitwa Matthew Wellington. Alikuwa katika kundi la vijana wa Nasik waliotumwa kumfuata mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, na Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwezi Mei 1873, vijana hao walikuwa miongoni mwa waliokausha mwili wake na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Mwenzao, Jacob Wainwright, aliusindikiza mpaka London na kuwa mmoja wa wabeba jeneza katika mazishi ya Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Watu walionyang'anywa njia ya kurudi kwao ndio waliomrudisha mgeni kwao akazikwe. Wellington mwenyewe aliishia Mombasa, akafariki huko mwaka 1935.

Mwishoni mwa 1874 William Salter Price, aliyewahi kuyasimamia makao ya Nasik, alifika Mombasa. Ardhi ikanunuliwa, na kijiji kikapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kudai mkataba ule. Mateka walioletwa na meli za doria kuanzia 1875 waliwakuta Wabombei, yaani Waafrika waliotoka India, ambao wengi wao nao waliwahi kuwa mateka.

Maisha yakaanza upya. Palikuwa na mashamba ya kulima, shule, kanisa na karakana. Watu wa makabila mbalimbali walioana, na kwa kuwa mume aliweza kuwa Myao na mke Mmakua, Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Mtoto aliyezaliwa hapo hakuwahi kuvaa mnyororo, na hilo lilikuwa jambo la kushangilia. Lakini mtoto huyohuyo hakuwa na babu wa kumtembelea, wala kaburi la ukoo la kuonyeshwa.

Uhuru wenyewe ulikuwa na mipaka. Mapema miaka ya 1880, uchunguzi wa maofisa wa Uingereza ulifichua kwamba msimamizi wa kijiji, J. W. Streeter, alikuwa akiwachapa watu viboko na kuwafunga. Mtu aliyefunguliwa minyororo na Mzungu mmoja alijikuta chini ya kiboko cha Mzungu mwingine.

Nje ya kijiji hali ilikuwa ya hatari zaidi. Mkataba wa 1873 ulifunga njia ya bahari na masoko tu, ilhali utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika pwani ya Kenya hadi 1907. Kwa hiyo mtu wa Frere Town akisimama ufukweni aliuona mji wa Mombasa, ambako mtu aliyetekwa kama yeye bado alikuwa mali ya bwana fulani. Watoro kutoka mashambani walikimbilia Frere Town na kituo cha misheni cha Rabai, na mwaka 1880 mabwana wenye watumwa walitishia kukivamia kijiji. Kengele iliyowaita watu kusali ndiyo iliyopigwa pia kuwaonya hatari ikikaribia. Kutokana nayo mahali pale pakaitwa Kengeleni, na wengi wanaoshuka kituoni hapo leo wanalijua jina tu.

Mgogoro wa watoro ulifikia kilele Rabai. Mabwana walidai watu wao warudishwe. Mwaka 1888 George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijiandaa kutawala, alikubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakakabidhiwa hati za uhuru. Ilikuwa siku kuu kwao. Hata hivyo, fedha zilimwendea aliyewamiliki; aliyefanyishwa kazi bure miaka yote hiyo alipata karatasi.

Aliyeyaandika mambo hayo kwa Kiswahili alitoka humohumo kijijini. James Juma Mbotela, mtoto wa Myao aliyeokolewa na meli ya Kiingereza, alichapisha kitabu cha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Kilisomwa sana shuleni, na baadaye wahakiki wakakilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi na kuwabebesha Waarabu lawama yote. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini shukrani ya Mbotela haikuwa ya kuigiza: bila meli ile, asingezaliwa Frere Town. Na katika kitabu hichohicho cha shukrani amehifadhi utekwaji, safari ndefu ya miguu na vilio vya jahazini, mambo ambayo wazee wake waliyasimulia mpaka yakamfikia yeye.

Shule za kijiji hicho zilitoa walimu, makarani na wachungaji. Chuo cha theolojia kilichoanza pale mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Hata hivyo, serikali ya kikoloni iliwagawa Waafrika kwa makabila na maeneo yao ya asili, na Wamisheni, yaani watu wa Frere Town, hawakuwa na eneo lolote la kuliita la asili.

Kutoka ukoo wa mwandishi James Mbotela alizaliwa, Mombasa mwaka 1940, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Kwa zaidi ya nusu karne aliendesha kipindi cha redio cha Je, Huu ni Ungwana?, akijadili na Wakenya adabu njema. Katika pwani ya wazee wake ungwana ulikuwa hadhi ya aliyezaliwa huru, na mateka hakuhesabiwa humo. Leonard Mbotela alifariki Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, na taifa zima lilimlilia kama mtu wa nyumbani.