Kigari cha James Bond cha 1965: Aliyekichezea Sana Ndiye Aliyepoteza Mkwanja

Wadau, kuna watu wazima kabisa, wana kazi na familia zao, wanaokesha mtandaoni kutafuta kamtu ka plastiki kadogo kuliko kidole chako cha mwisho. Wakikapata kale ka enzi zile, wanalipa bila kujiuliza mara mbili. Siyo utani. Ukitaka kujua kwa nini, twende Uingereza ya miaka ya 60.

Kampuni yenyewe iliitwa Mettoy. Ilianzishwa mwaka 1933 mjini Northampton na Myahudi mmoja aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea kule Nuremberg, Ujerumani, kabla ya kuwakimbia Wanazi. Mwaka 1956 Mettoy wakazindua chapa ya Corgi, vigari vya chuma vilivyotoka Swansea, Wales. Sokoni mbabe alikuwa Dinky. Corgi wakaingia na silaha moja: vigari vyao vina vioo madirishani! Leo unaweza kucheka, ila wakati ule hiyo ilikuwa habari ya mjini.

Mwaka 1964 ikatoka filamu ya Goldfinger. Humo James Bond anaendesha Aston Martin DB5 ya rangi ya fedha, yenye bunduki mbele, ngao ya kuzuia risasi nyuma na siti inayomrusha abiria juu kupitia paa. Watoto wakapagawa. Corgi wakaona mchongo huo.

Tatizo likawa muda. Vigari hivi vinatengenezwa kwa kuyeyusha aloi ya zinki na kuisukuma ndani ya kalibu ya chuma, na kuchonga kalibu mpya ni gharama na kunakula muda. Wakafanya nini? Walikuwa tayari na kigari cha Aston Martin DB4, gari lililotangulia DB5. Wakakichukua hichohicho wakakifanyia ukarabati.

Oktoba 1965 kikaingia madukani, kina urefu wa kama sentimita 10 tu. Na hakikuwa cha rangi ya fedha kama kwenye filamu, kilikuwa cha dhahabu! Sababu inayosimuliwa ni kwamba rangi ya fedha ingekifanya kionekane chuma kitupu ambacho hakijapakwa rangi.

Ila utamu ulikuwa ndani. Sukuma bomba la moshi, ngao ya nyuma inapanda. Bonyeza ubavuni, bunduki zinachomoza mbele. Bonyeza kitufe kingine, paa linafunguka na yule jambazi wa plastiki anaruka kama panzi.

Krismasi ile ilikuwa vurugu, kiwanda kilishindwa kutosheleza maduka. Wafanyabiashara wa vitu vya kuchezea Uingereza wakakipa tuzo ya mwaka. Hadi toleo jipya linakuja mwaka 1968, safari hii la rangi ya fedha, zaidi ya vigari milioni 2 vilikuwa vimeuzwa. Katikati hapo, mwaka 1966, Corgi wakatoa na Batmobile, nayo ikauza balaa. Airfix nao wakaja na DB5 ya vipande vya plastiki, unaunganisha mwenyewe kwa gundi na kupaka rangi. Kuanzia hapo, gari kali la filamu likitoka, mtu anataka dogo lake mezani.

Sasa rudi kwa yule jambazi. Ukimrusha, anaishia chini ya kochi au kwenye majani, humuoni tena. Corgi walilijua hilo, ndiyo maana waliweka jambazi wa akiba ndani ya boksi, pamoja na bahasha ya maelekezo ya siri. Mtoto wa kawaida alitupa boksi, akapoteza bahasha, kisha majambazi wote wawili. Vigari vilibaki vingi, kilichoadimika ni hayo makaratasi na kale kamtu. Ndiyo maana kigari kilichokamilika na boksi lake bei yake ni mbali kabisa na kile kilichokwaruzika.

Mettoy wenyewe walifilisika mwaka 1983, japo jina la Corgi bado lipo na DB5 bado zinatoka. Na kwa kuwa pesa ipo, wajanja nao wapo: boksi na jambazi vinachapwa upya. Kwa mtu anayefufua kigari cha utotoni hilo halina shida. Shida ni muuzaji anayekuambia ni vya 1965 wakati vimetoka juzi. Ukinunua, uliza kila kipande kimetoka wapi.

Lakini fikiria hili, mdau. Yule dogo aliyekificha kabatini bila kukigusa leo ana mkwanja. Yule aliyemrusha jambazi mpaka akapotea hana kitu, ila Krismasi ya 1965 aliila yote. Nani alifaidi zaidi? Shusha maoni yako hapo chini.