Uwanja wa Tiananmen: nilichokiona Beijing, na unachofaa kujua kabla ya kwenda

Tangu niweke ile picha yangu nimesimama mbele ya lango jekundu lenye sura ya Mao, simu yangu haijanyamaza. Wafanyabiashara wa Mombasa wanaokwenda Guangzhou kila msimu wananiuliza Beijing nilifikaje, wazazi wenye watoto wanaosoma China wanauliza kama wataweza kuzunguka wenyewe, na mzee mmoja wa Mji wa Kale ameniuliza swali moja tu: "Chakula cha halali ulipata?" Nimeona heri niandike mara moja, kila mtu asome.

Nianze na kilichonipeleka. Marehemu baba alikuwa karani bandarini Kilindini. Usiku baada ya isha alikuwa akizungusha kisu cha redio kwenye masafa mafupi akitafuta Redio Peking, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961. Sisi watoto hatukuelewa mengi, ila jina la Tiananmen tulilijua kama tunavyolijua jina la Makadara. Baba hakuwahi kuvuka mpaka wa Horohoro. Basi mwaka huu shemeji yangu aliponiambia nifuatane naye Guangzhou kutazama vigae na taa za duka lake, nilikubali kwa sharti kwamba akimaliza ununuzi mimi nipande treni niende Beijing kwa siku tatu. Mpwa wangu anasomea uhandisi huko, kwa hiyo mwenyeji nilikuwa naye.

Kutoka Guangzhou hadi Beijing ni karibu kilomita 2,300. Treni ya mwendo kasi, iliyoanza kufika njia nzima mwaka 2012, huenda kwa saa nane hivi. Sisi tunaojisifu na SGR yetu ya Mombasa hadi Nairobi tutulie kidogo.

Siku ya kwanza sikuingia uwanjani, na hili ndilo nataka msomaji alishike kuliko yote. Kiingilio cha Tiananmen hakina malipo, lakini tangu Desemba 2021 huingii bila kuweka nafasi. Nafasi huwekwa kwa simu, ndani ya WeChat, siku moja hadi tisa kabla, na unachagua tarehe na kipindi cha siku. Unaandika jina na namba ya pasipoti, kisha unafika na pasipoti yenyewe mkononi. Nakala haikubaliwi. Mpwa wangu alikuwa ameniwekea nafasi, ila kwenye namba ya pasipoti aliandika herufi O mahali pa sufuri. Askari wa kituo cha ukaguzi aliitazama pasipoti, akatazama mashine yake, akatazama tena pasipoti, akatikisa kichwa kwa adabu. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu. Tukatolewa pembeni.

"Mwombe basi," nikamwambia kijana. "Mwambie nimetoka mbali."

"Mjomba, hapa si Makadara. Mashine ikikataa hakuna wa kuombwa."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimebakiza siku mbili, na nafasi za kesho yake zilikuwa zimejaa. Kijana alikesha na simu akiifungua na kuifunga ile programu, mpaka mtu fulani akaghairi na nafasi mbili za alfajiri ya siku yangu ya mwisho zikatokea. Safari hii namba niliisoma mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Wewe ufanye hivyo hivyo. Na kama una majina matatu au manne kama sisi wengi, yaandike kwa mpangilio ule ule ulio kwenye pasipoti.

Alfajiri watu huenda kutazama bendera ikipandishwa, nayo hupandishwa jua linapochomoza. Sisi wa Pwani tumezoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo jambo hili linahitaji hesabu. Beijing mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Januari huchelewa hadi kama saa moja na nusu. Mimi nilikuwa huko mwishoni mwa Aprili, likachomoza kama saa kumi na moja na dakika ishirini. Treni za chini ya ardhi huanza kama saa kumi na moja, kwa hiyo ukizitegemea utakuta bendera iko juu tayari. Tulilala hoteli ndogo upande wa Qianmen, kusini mwa uwanja, tukasali alfajiri chumbani, tukaenda kwa miguu.

Gizani kulikuwa na maelfu ya watu. Wageni wa nchi za nje walikuwa wachache, wengi walikuwa Wachina wa mikoani, wazee kwa vijana, wengine wamebeba watoto wamelala. Mifuko hupita kwenye mashine na mwili hupapaswa. Kofia yangu nilivuliwa ikakaguliwa, nikarudishiwa. Kiberiti na kitu chochote chenye makali viache hotelini. Kisha wanajeshi wakatoka kwenye lango kwa hatua za pamoja, wakavuka daraja la mawe, magari ya barabara kuu ya Chang'an yakiwa yamesimamishwa, wakafika kwenye mlingoti. Kupandisha kwenyewe huchukua dakika mbili na sekunde saba. Mbele yangu alikuwapo mzee kwenye kiti cha magurudumu, bintiye ameshika mpini. Bendera ilipofika juu yule mzee alikuwa akilia bila sauti. Nilimkumbuka baba. Nikamsomea Fatiha pale pale nilipo, kwa moyo, midomo imefungwa.

Jua lilipopanda ndipo nikaona ukubwa. Uwanja una kama mita 880 kutoka kaskazini hadi kusini na mita 500 mashariki hadi magharibi, yaani hekta 44. Ukipima kwa viwanja vya mpira, ni zaidi ya 60. Na ni mawe matupu. Kivuli hakuna ila kwa miti ya pembezoni mwa kaburi la Mao, na pa kukaa ni shida. Mwenye kwenda na mzee amchukulie kofia pana na maji. Aprili nyeupe nyepesi za miti zinaruka hewani kama sufi iliyopasuka, zikiingia puani na machoni, kwa hiyo mwenye pumu aende na barakoa.

Kaskazini ndiko liliko lango lenyewe, lililoupa uwanja jina lake: Lango la Amani ya Mbinguni. Lilimalizika kujengwa mwaka 1420, zama za mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, kama mlango wa mbele wa jumba la kifalme, na jina la sasa likapewa mwaka 1651 lilipojengwa upya. Hapa mtu wa Pwani ana haki ya kusimama kidogo. Yongle huyu ndiye aliyemtuma baharini Zheng He, amiri Mwislamu aliyezaliwa Yunnan, ambaye misafara yake ilifika pwani yetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme huyo twiga, na Wachina wakamwona ni yule mnyama wa heri wa hadithi zao, qilin. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda, Lamu, sarafu yenye jina la Yongle. Kwa hiyo lango lile lilipokuwa likijengwa, kwao habari zetu zilikuwa zimeshafika. Nilimweleza mpwa wangu haya nikaona hajawahi kuyasikia, na ana miaka minne Beijing.

Zama za wafalme uwanja haukuwa wazi namna hii. Palikuwa na ujia uliozungushiwa kuta na maofisi, raia wa kawaida hakupita. Kuta zilibomolewa kidogo kidogo, na upana wa leo ulitokana na kazi ya mwaka 1958 na 1959. Upande wa magharibi ni Ukumbi Mkuu wa Umma, wanakokutana wabunge wao, uliojengwa kwa kama miezi kumi tu ili uwahi miaka kumi ya Jamhuri. Mashariki ni Makumbusho ya Taifa. Katikati ni mnara wa mashujaa, mita 38 hivi, uliozinduliwa 1958. Kusini yake ni jengo alimolazwa Mao Zedong, aliyefariki Septemba 1976. Humo huingia bure, kwa nafasi ya pekee, bila begi wala kamera, na Jumatatu hufungwa. Sikuingia. Sisi maiti tunamharakishia kaburi, na kupanga foleni kumtazama aliyehifadhiwa ndani ya kioo kulinishinda. Wanaoingia hununua maua, wakayaweka, wakapita bila kusimama.

Juu ya lango, kulia na kushoto kwa picha ya Mao, kuna maandishi makubwa meupe. Mpwa alinisomea: upande mmoja idumu Jamhuri ya Watu wa China, upande wa pili udumu umoja wa watu wa dunia. Ni pale pale Mao aliposimama tarehe 1 Oktoba 1949 kutangaza Jamhuri hiyo.

Uwanja huu lakini haujui watawala peke yao. Tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi walikusanyika hapa kupinga uamuzi wa Versailles wa kuipa Japani haki za Ujerumani katika mkoa wa Shandong. Aprili 1976 watu walifurika kumwomboleza Zhou Enlai, wakatawanywa. Na mwaka 1989, baada ya kifo cha Hu Yaobang tarehe 15 Aprili, wanafunzi na wafanyakazi walikaa hapa wiki kadhaa wakidai mageuzi, mpaka usiku wa kuamkia Juni 4 jeshi likaingia mjini kwa vifaru na risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo, kutoka mamia hadi maelfu. Uwanjani hakuna jiwe wala kibao kinachosema neno juu ya usiku ule. Nilitafuta kwa macho, nikajua kwamba natafuta bure. Nilitaka kumwuliza mpwa wangu wanafunzi wenzake husema nini, akanigusa mkono kabla sijamaliza swali. Tulizungumza baadaye, kwa Kiswahili, njiani. Ushauri wangu kwa mgeni: hili lisome kwenu kabla hujaenda, usiliulize pale, usimtie mwenyeji wako taabuni. Usikunjue bango wala kitambaa chenye maandishi. Na usitandike mswala uwanjani. Kwa mwenye kujali, kibla cha Beijing kiko magharibi, upande wa Ukumbi Mkuu, tofauti na Mombasa tunakoelekea kaskazini.

Jumba la kifalme liko nyuma ya lango. Tikiti ni yuani 60 msimu wa wageni na 40 majira ya baridi, nayo pia huwekwa kabla na Jumatatu hufungwa. Tulipita haraka, miguu ilikuwa imechoka. Fedha taslimu karibu hakuna anayezitumia. Alipay na WeChat sasa hupokea kadi za benki za nje, ziunganishe ukiwa bado nyumbani, kwa maana WhatsApp na Google huko hazifunguki na huna wa kumwuliza.

Sasa swali la yule mzee. Kilomita chache kusini magharibi mwa uwanja kuna mtaa wa Niujie, na msikiti wake ulioasisiwa mwaka 996. Usitafute kuba. Paa ni la Kichina, nguzo nyekundu na dhahabu, na ndani aya za Kurani zimeandikwa ukutani. Tulisali adhuhuri, tukasalimiwa kwa salamu ile ile ya kwetu, tukala kondoo na mikate ya ufuta mtaani nje. Alama ya kutafuta juu ya mlango wa hoteli za chakula ni 清真, piga picha uiweke kwenye simu. Msomaji atauliza habari za Xinjiang. Waislamu wa Niujie ni Wahui, lugha yao ni Kichina. Ya Waighuri ni mengine, na ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2022 ilieleza ukiukaji mzito. Kula vizuri Niujie hakukunifanya niwe shahidi wa Xinjiang, wala sitajifanya.

Usiku ule nilimtumia mama picha niliyopigwa karibu na mlingoti, nimevaa kofia ya baba, kupitia WeChat ambayo dada yangu aliiweka ili azungumze na mwanawe. Jibu lilikuja kwa sauti, mama akiwa amekaribia mno simu.

"Mashallah. Lakini mbona mahali pote pale hawakupanda hata mti mmoja wa kivuli?"