Zaka kwa Mgonjwa wa Saratani Asiyemudu Matibabu

Gharama za saratani zikizidi kupanda, tunaulizwa: je, mgonjwa mwenye nyumba yake hupewa zaka? Hupewa, akiwa hana cha kujitibia. Nyumba anayoishi haimtoi katika ufakiri, wala halazimiki kuiuza kwanza. Aliyekopa ili atibiwe, akashindwa kulipa, huingia fungu la wenye madeni, lililotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60.

Watu huhesabu dawa tu. Tiba ya mionzi mara nyingi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa wa Mtwara anayetibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, ana nauli, chumba na chakula, na anayemuuguza kaacha shamba. Wapo wanaokatiza tiba kwa sababu hiyo. Haya nayo ni mahitaji yake, na zaka huyafikia.

Wanazuoni wengi wameshurutisha fakiri amilikishwe zaka yake. Basi apewe mkononi, au aidhinishe hospitali ilipwe kwa niaba yake. Ama anayemdai mgonjwa, kumsamehe deni na kulihesabu kuwa zaka hakutoshi kwa wanazuoni walio wengi: ampe kwanza, bila sharti la kurudishiwa.

Wallahu A'lam.